Vidole Elfu Tatu vya Zingkuu

Zingkuu, 12 Januari 2003

Mdogo wangu Cletus,

Ni mimi dada yako Eulalia, nakusalimu wewe na mke wako Perpetua na mtoto. Huku tupo. Mama anakusalimu. Mguu wake bado umevimba ila mdomo haujavimba hata kidogo; jana amemfukuza muuguzi wa zahanati, eti ana mikono baridi. Upepo wa vumbi ni mkali mwaka huu. Midomo imepasuka, mtu akicheka anatoka damu, kwa hiyo hatucheki sana.

Mjukuu wangu Delle naye anakusalimu, kwa mikono. Huu ni mwaka wa pili tangu homa ya uti wa mgongo imzibe masikio. Habari hii unaijua, lakini naiandika tena, kwa sababu nimeona jambo lisipoandikwa watu huanza kuliita bahati mbaya. Zahanati ilipeleka tangazo la chanjo redioni siku nane kabla ya gari kuja. Redio zote tatu zinazosikika hapa ni za mtu mmoja, Ofosu-Agyare. Ya kwanza ilitaka tangazo lilipiwe kama la sabuni. Ya pili ililisoma kwa Kiingereza, mara moja, katikati ya mpira. Ya tatu haikulisoma kabisa. Gari la chanjo likakaa Zingkuu siku mbili juani, likachanja watu arobaini, likaondoka. Tukazika watoto kumi na mmoja. Delle alipona, kama kule ni kupona.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Uliniambia Krismasi kwamba yamebaki masafa ya redio moja tu katika wilaya yetu, na Ofosu-Agyare ameyaomba hayo pia. Uliniambia tume ya utangazaji inafikiria kanuni mpya: mtu mmoja asiwe na redio zaidi ya moja katika mkoa, na mwenye gazeti asipewe redio. Basi tumeunda kamati. Mwenyekiti ni katekista Gervase Saanuo, mimi ni katibu. Tunakusanya alama za vidole kijiji kwa kijiji: kanuni ipite, na masafa hayo yawe ya wananchi, kwa lugha yetu ya Kidagaare. Fomu zenyewe, siyo nakala, ziwe mezani kwa tume kabla ya tarehe 30 Aprili. Wewe utazipokea huko Accra na kuzifikisha. Umo gazetini, unajua milango.

Waheshimiwa wanatuambia huu ni uhuru wa soko. Mtu akinunua visima vyote vya wilaya tungemwita mwizi wa maji. Akinunua kila kinachoingia masikioni mwetu, tunamwita mwekezaji na kumpigia makofi. Mimi simpigii.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Eulalia Bayuo


Accra, 16 Februari 2003

Dada yangu mkubwa,

Nachuchumaa kukusalimu, na Mama pia. Perpetua hajambo, mtoto ameota meno mawili ya juu na anamng'ata kila mtu. Joto la huku halisemeki. Mwenye nyumba ameongeza kodi, lakini tunaishi.

Samahani kwa kuchelewa. Gazetini kumekuwa na mabadiliko kidogo. Wamepaka ofisi rangi, tumepata meza mpya na feni zinazozunguka kweli. Kazi yangu ni ile ile, kusahihisha makala za wenzangu.

Kuhusu kamati, nawapongeza. Ushauri wangu ni mmoja: kuna haja gani ya kumtaja mtu kwa jina kwenye fomu? Andikeni tu kwamba mnaomba redio ya wananchi. Mtu akitajwa jina hujibu, na watu kama wale wana mawakili. Halafu niambie, fomu mnazihifadhi wapi? Mchwa wa huko nawajua.

Msisitizie Mama akae na mguu juu.

Mdogo wako,
Cletus


Zingkuu, 9 Machi 2003

Mdogo wangu,

Salamu. Mama anasema mguu atauweka juu siku atakayokuja kuushika wewe mwenyewe. Mtama wa akiba unatosha hadi Juni. Ng'ombe wa baba mdogo amekufa kwa kula mfuko wa plastiki.

Cletus, alama za vidole zimefika 3,112. Tumetembea kwa miguu mpaka mpakani. Kila siku ya soko naweka meza karibu na wauza pombe ya mtama, kwa sababu mtu akishika kibuyu chake ana muda wa kusikiliza. Juzi nimeketi hapo na wino wangu, nani anakuja na pikipiki? Atanga, mtangazaji wa Ofosu-Agyare, yule Mfrafra. Unajua sisi na Wafrafra tulivyo watani, tangu ule ugomvi wa mababu juu ya kichwa cha mbwa. Soko zima likageuka kutazama.

"Enyi Wadagaaba walaji wa vichwa vya mbwa!" akapiga kelele. "Nasikia mnakusanya vidole. Mnakwenda kuvipika?"

"Vyako tu ndivyo vingefaa mchuzi, mtumwa wangu," nikamwambia, "ila vitanuka mbwa mpaka Jumapili."

"Kichwa cha mbwa mlituibia ninyi!"

"Tuliwaibia mkiwa macho. Mngekuwa mmelala tungewaiba na ninyi wenyewe, lakini nani angewalisha?"

Wanawake walicheka hadi pombe ikawatoka puani. Na Atanga, Mungu ni shahidi, akainama, akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye fomu. "Hilo hapo," akasema. "Nikifukuzwa kazi nakuja kula kwako, na mke wangu na watoto sita." Nilimwambia watoto walete, mke ana kelele abaki.

Jina la Ofosu-Agyare halitoki kwenye fomu. Watu wamelitaja wenyewe, kwa midomo yao, mbele yangu. Mimi ni nani hata nilifute? Fomu ziko kwa katekista Gervase, katika mkoba wake wa ngozi, chini ya kitanda, juu ya matofali. Mchwa hawafiki. Hakuna anayejua ila yeye, mimi, na sasa wewe.

Hukuniambia ni nani aliyepaka ofisi yenu rangi. Feni hazijinunui.

Dada yako,
Eulalia


Accra, 30 Machi 2003

Dada,

Nawasalimu wote. Mtoto alikuwa na homa, sasa ni mzima.

Msingoje tarehe za mwisho. Zipelekeni mjini Wa na mzipandishe basi la Accra wiki hii. Wiki hii, dada. Siwezi kuandika zaidi, kazi ni nyingi.

Cletus


Zingkuu, 22 Aprili 2003

Cletus,

Salamu. Mama yuko vile vile. Barua yako ya Machi ilifika tarehe 14, basi liliharibika njiani. Kufikia siku hiyo katekista Gervase alikuwa amekufa tangu jana yake, moyo tu, akiwa anafungua dirisha la kanisa.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, nawe usome polepole.

Tulimkalisha kwenye jukwaa, amevalishwa joho lake, marimba mbili, watu kutoka vijiji tisa. Mimi nilikuwa nimekwisha panga kwamba baada ya maziko tu naondoka na mkoba kwenda Accra mwenyewe. Siku ya pili Wafrafra wakaja, kama ilivyo haki ya watani msibani. Wakazuia maiti isishushwe, wakadai marehemu alikuwa mtumwa wao, wakamwigiza alivyokuwa akiimba kwa pua. Atanga ndiye aliyeongoza. Alivaa kofia ya marehemu kinyume, akalia machozi ya uongo mpaka mjane akacheka. Ndivyo kazi ya mtani ilivyo, kutunyima nafasi ya kuvunjika.

Halafu akaingia chumbani kwa marehemu. Mle ndani mlikuwa na baiskeli, redio, jozi mbili za viatu, saa ya ukutani. Mtani huchukua kitu, mnakikomboa kwa zawadi ya mzaha, mnacheka, anakirudisha. Atanga hakugusa baiskeli. Alitoka na mkoba wa ngozi kichwani, anacheza.

"Huu ni urithi wangu!" akasema. "Nileteeni kichwa cha mbwa ndipo niurudishe!"

Watu wote wakapiga makofi. Nami nilicheka, Cletus. Nataka ulijue hilo. Nilisimama pale na mdomo wazi, nikicheka kama wengine, naye akapanda pikipiki akaenda.

Kesho yake asubuhi tulimpelekea kichwa cha mbwa ndani ya kibuyu, na pilipili. Mkewe akatuambia amekwenda mjini Wa. Kule Wa wakasema Bolgatanga. Bolgatanga wakasema Accra.

Nikataka kwenda polisi. Wazee wakanikalisha chini. Mzee Tengan akaniuliza, "Utaandikisha nini? Kwamba mtani amekutania msibani?"

"Nitaandikisha kwamba ameiba watu elfu tatu."

"Eulalia. Siku utani ukifika kituo cha polisi, nani atatuzika?"

Na wote wakakubaliana naye. Hakuna Mdagaaba aliyewahi kumshtaki Mfrafra kwa jambo la msibani, na hawakutaka niwe wa kwanza. Kuna Wafrafra wawili wazee waliokuja kwangu baadaye, wakaketi uani. Waliona aibu. Lakini hata wao walisema: siyo polisi.

Siku nane zimebaki. Nenda kwa tume leo hii. Simama mbele yao, sema fomu zipo na zimezuiwa, omba wiki mbili. Wewe ni mtoto wa Zingkuu, neno lako linatosha kuandikwa.

Atanga alikwenda moja kwa moja chini ya kitanda. Hilo nimeliandika. Zaidi ya hapo siandiki.

Eulalia


Accra, 25 Mei 2003

Dada yangu mkubwa,

Nakusalimu, namsalimu Mama, namsalimu Delle, nawasalimu wazee wote, Mzee Tengan, mjane wa katekista na watoto wake, kila mmoja kwa jina lake. Mvua zimeanza huku. Mtoto anatembea.

Nimeandika barua hii mara nne.

Gazeti letu lilinunuliwa mwanzoni mwa Januari, kabla barua yako ya kwanza haijafika. Aliyelinunua unamjua. Tulikuwa watu ishirini na sita, wakabakiza kumi na wawili. Mimi nilibaki.

Mhariri mkuu aliniita mwezi Machi. Alinipa soda baridi. Aliniuliza habari za nyumbani kwa upole mkubwa, mguu wa Mama, mvua, halafu akauliza kama ni kweli kuna fomu, na ziko wapi. Nikamjibu. Nilijibu kama mtu anayeulizwa saa ngapi. Nilipotoka mlangoni ndipo nikajua nilichosema, na siku ile ile nikakuandikia mzipeleke upesi.

Kikao cha tume cha kusikiliza maoni hadharani kilifanyika tarehe 6 Mei. Nilikwenda, kampuni ilitupeleka kwa basi dogo. Wakili wa Ofosu-Agyare alisema kutoka wilaya yetu hakuna pingamizi hata moja, wananchi wameridhika. Mwenyekiti wa tume hakuwa mtu mbaya. Aliuliza, "Kuna yeyote hapa kutoka Zingkuu?" Akangoja. Akageuza karatasi zake, akauliza tena.

Mara mbili, dada. Nilikuwa safu ya tatu.

Kanuni haikupita. Masafa amepewa Ofosu-Agyare.

Cletus


Zingkuu, 29 Juni 2003

Cletus,

Mama hajambo kidogo, amekula. Sikumsomea barua yako. Nilimwambia unasalimu na mtoto anatembea, akafurahi, akataka kujua anatembea kwa mguu upi kwanza. Nikambunia mguu.

Nimekusoma. Ulitaka nikutukane, ili baada ya matusi tuwe tumelipana. Sikutukani. Ofosu-Agyare simlaumu kwa kukununua, kununua ndiyo kazi yake. Namlaumu mtu aliyejiuza kwa soda. Ungedai hata chakula.

Halafu haya ya mwenyekiti kuwa mtu mzuri. Nimesoma vitabu vingi kuliko unavyodhani, na kila mahali nimewakuta hao watu wazuri wanaouliza mara mbili. Wanauliza katika chumba ambacho muulizwa hakupelekwa, kwa lugha asiyoijua, kisha wanaandika kwamba alinyamaza.

Atanga alirudi tarehe 2 Juni. Alikuja mchana, mbele ya watu, na mbuzi dume, kibuyu cha pombe na mkoba. Akapiga magoti kwa Mzee Tengan, akasema mzaha wake umepita kiasi, anaomba radhi kama mtani anavyoomba. Wazee wakampokea mbuzi. Wakampa maji. Kwa mila jambo limekwisha, na kulitaja tena ni kosa langu mimi. Marimba zilipigwa, Cletus. Walicheza.

Nilihesabu fomu pale pale chini, na vumbi lake. Ukurasa mmoja tu ulikosekana, ule wa soko, wenye dole gumba lake.

Nilimfuata hadi kwenye pikipiki yake. Nikamwambia, "Wewe uliweka kidole chako mwenyewe."

"Dada, nina watoto sita."

"Mbona hunitanii?"

Akawasha pikipiki.

Nilijaribu kuanza upya. Kuna watu waliowaambia wanawake kwamba vidole vya kwanza viliuzwa Accra. Kule mpakani bibi mmoja alificha mikono yote miwili ndani ya kanga yake aliponiona. Akasema, "Nilikupa kimoja. Ukakifanyia nini?" Sikuwa na jibu ambalo lisingekutaja. Nikarudi nyumbani. Kamati ilikutana mara ya mwisho tukiwa watatu, na mmoja alikuja kuomba mkoba awekee mbegu.

Eulalia


Accra, 17 Agosti 2003

Dada yangu,

Nawasalimu. Perpetua ni mjamzito tena, mwambie Mama.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine. Redio mpya itajengwa pale kilimani, nje ya Zingkuu, itaanza Oktoba. Wamenifanya meneja wake. Septemba wananipeleka ng'ambo kujifunza uendeshaji, nitarudi Januari. Atanga atashika nafasi yangu kwa muda.

Usiichane barua hapa. Nimewapigania jambo moja na wamelikubali: saa moja ya Kidagaare kila Jumamosi asubuhi. Hakuna Kidagaare kilichonyooka kama chako. Nataka uwe wewe. Ungesoma habari za zahanati, za shule, vifo. Saa moja siyo kitu kidogo, dada. Ni saa moja zaidi ya tuliyokuwa nayo.

Nangoja jibu lako.

Cletus


Zingkuu, 30 Novemba 2003

Mdogo wangu Cletus,

Natumaini baridi ya huko unaivumilia. Delle ameanza kusoma midomo, sasa inabidi tugeuke tunapomsema. Najua walikupigia simu kuhusu Mama. Utataka kujua alivyozikwa, kwa hiyo nakuandikia.

Alifariki Alhamisi, kabla ya uji wake. Mguu ulipanda hadi moyoni, ndivyo muuguzi alivyosema, yule mwenye mikono baridi. Tulimwosha, tukamvalisha kitambaa cha bluu, tukamkalisha kwenye jukwaa akitazama barabara.

Watu walitaka tangazo lipelekwe kilimani, redioni. Nikakataa. Nilisema mama yangu hatasomwa na kinywa kile. Nikatuma watu kwa baiskeli, wanane, kila mmoja na njia yake, kama zamani. Lakini siku hizi hakuna anayeamini msiba unaoletwa na baiskeli. Walikuwa wanaambiwa, "Mbona redio haikusema?" Wengine waliambiwa ni wahuni wanaotafuta chakula.

Ijumaa asubuhi walikuwepo watu thelathini na tisa. Wapiga marimba walipiga, wakasimama, wakatazamana, kwa sababu hakukuwa na duara la kuchezea. Mama alikaa pale juu na kitambaa chake. Wajomba zake wa kule ng'ambo ya mto walituma ujumbe mmoja tu: "Eulalia anamzika binti yetu kwa siri. Amefanya nini, ameiba?"

Nikachukua kitambaa cha kichwa, nikapanda kilima.

Atanga alikuwa dirishani. Niliandika jina la Mama kwenye fomu yao, na ukoo wake, na ukoo wa baba yetu, na majina ya waliobaki. Pale palipoandikwa "mtoto wa kiume" nikaandika jina lako. Alisoma yote huku mimi nimesimama. Nilimsubiri aniambie mbona walaji wa mbwa wamekuja kulia kwa Wafrafra. Nilikuwa nimefiwa, Cletus, kutaniwa ilikuwa haki yangu. Akasema, "Pole, mama," kama karani wa benki. Nikalipa.

Alilisoma mchana na jioni, kwa Kidagaare chake kibovu, lakini polepole, na hakukosea jina hata moja. Jumamosi walikuja zaidi ya watu mia sita. Duara lilijaa hadi barabarani. Mama alizikwa kama alivyostahili kuzikwa, na kila aliyenishika mkono alinishukuru kwa tangazo.

Sasa swali lako la Agosti. Nimelikalisha miezi mitatu nikidhani kulinyamazia ni jibu. Leo asubuhi muuguzi ameniambia upepo umeanza mapema na wamepata mgonjwa wa kwanza wa uti wa mgongo kule mpakani. Mtoto wa miaka minne. Gari la chanjo litapita Januari, siku mbili tu, kama kawaida yao.

Nitaisoma hiyo saa moja ya Jumamosi.

Uniandikie kutoka huko ni mambo gani siruhusiwi kuyasema. Yaandike yote, moja moja, ili wasije wakanifunga mdomo kabla sijafika kwenye tarehe za chanjo.

Dada yako,
Eulalia